Shoka la Darini

Shoka lilikuwa juu ya meza ya chakula, katikati ya kikombe cha kahawa na chupa ya pilipili. Norris alipoliona alisita mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

“Ingia basi, unaniingizia mvua,” alisema baba yake, Mzee Clovis, bila kuinua macho. Akaendelea kulinoa.

Pale Pointe Cerise, kimbunga kikitangazwa, kila nyumba hupandisha shoka darini. Maji yakijaa, watu hukimbilia juu, na asiye na kitu cha kuvunjia paa hufia huko huko. Hilo hata watoto wanalijua.

Safari hii hapakuwa na wa kupandisha shoka, kwa kuwa kijiji kizima kilikuwa kimehama. Polisi walipita asubuhi nyumba kwa nyumba, na mtu mmoja tu ndiye aliyekataa. Wakampa kalamu ya wino usiofutika ajiandike jina mkononi, ili maiti isije ikakosa mwenyewe. Alijiandika kwa herufi kubwa, kuanzia kiwiko mpaka kifundo, tena kwa mwandiko mzuri.

“Daraja linafungwa saa tisa,” Norris alisema. “Sasa hivi ni saa nane na robo. Twende, baba. Marlene ameshakutandikia.”

“Mwambie mkeo nashukuru sana.”

“Wanasema hiki ni kikubwa kuliko kile.”

“Kila mara wanasema hivyo. Watu wa redio nao wanatafuta riziki.”

Kile. Hawakuwa na jina jingine la kukiita. Miaka kumi na minne iliyopita Clovis alikuwa mwendesha mashine kwenye kituo cha pampu za kuondoa maji ya mafuriko, na watu wa pampu hawaondoki hata mbingu zikidondoka. Mkewe, Earline, naye akasema haendi popote mumewe akiwa zamu. Walimkuta darini siku ya nne. Kucha zake zote zilikuwa zimeng'oka kwa kukwaruza mbao za paa.

Tangu hapo vimbunga vitatu vilipita, na katika vyote vitatu mzee alibaki, peke yake. Watu walisema majuto yanamtafuna. Mume ndiye mwenye kazi ya kupandisha shoka, na mwaka ule, kwa haraka ya kuwahi kazini, Clovis alisahau. Walimsema dukani, walimsema kanisani, yeye akisikia. Hakukana, hakukubali. Norris naye alikuwa akisikia, na kila mara alipata sababu ya kuaga.

“Baba, huku ni kujiua,” alisema sasa. “Ukikaa hapa hata miaka mia, mama harudi.”

“Simngojei mama yako.”

“Sasa unangoja nini?”

Mzee alilipitisha jiwe kwenye makali, taratibu, mara mbili. “Kunywa kahawa. Unatetemeka.”

Upepo ulipiga ubavu wa nyumba, na mlango mdogo wa darini ukagongagonga juu ya vichwa vyao. Norris alitazama juu. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuinua macho upande ule, hata siku yeye na Marlene walipokuja kupaka rangi upya. Alimwona akilini baba yake huko juu, na mkono ule ulioandikwa jina, na akajua kwamba akitoka bila kusema atakuwa ameua wawili.

“Hukusahau,” alisema.

Jiwe la kunolea lilisimama.

“Ulilipandisha, baba. Mimi ndiye niliyelishusha.” Sauti ilimtoka nyembamba, na alipoanza hakuweza tena kunyamaza. “Akina Toups pale jirani walikuwa na karamu ya kimbunga. Walitoa nyama yote kwenye friza waichome kabla umeme haujakatika, kuni zikawapungukia. Nikaja huku. Mama alikuwa amelala kwenye kiti chake, nikapanda, nikalichukua. Nilisema nitalirudisha jioni. Basi nikanywa bia, nikanywa nyingine, nikapitiwa na usingizi ndani ya gari la watu. Kushtuka, tumeshavuka daraja, na shoka liko kwenye majani kwa Toups.” Alijifuta pua kwa mkono wa shati. “Hata simu sikumpigia. Niliogopa atanigombeza. Halafu watu wakasema ni wewe, na mimi nikawaacha waseme.”

Mzee Clovis aliweka jiwe mezani. Akafuta mikono kwenye suruali, akaenda nyuma ya mlango. Akatoa begi lililokuwa limeshafungwa, na koti, na kofia yake ya mvua. Akavaa kofia, akaitengeneza sawasawa kichwani. Norris alikuwa bado amekaa, uso ameuzika viganjani.

“Simama, daraja litafungwa,” alisema mzee. “Hayo nayajua. Mama yako alinipigia pale pampu, yuko darini, maji yamemfika kifuani. Aliniambia hakuwa amelala, alikuona ukilichukua, akaniapisha nisikuulize maisha yangu yote.”