Hodi ya Mtoto wa Udongo

Panyabuku alikuwa mwanafunzi, na kila riwaya kongwe yenye muumba aliyekikimbia kiumbe chake ilimpandisha hasira.

"Ningekuwa mimi, ningelea!" alimwambia mwalimu wake, Kobe.

"Haya. Kuzaa si kazi, mwanangu. Kazi kulea."

Panyabuku akafinyanga mtoto wa udongo, akampulizia pumzi, naye akafumbua macho. Lakini uso ulikuwa umepinda. Panyabuku akaingiwa na hofu, akakimbilia shimoni, akaziba mlango.

Mvua ikaanza kunyesha.

"Hodi, mama," mtoto aliita. "Hodi. Hodi."

Hodi hupigwa mara tatu, kisha mgeni huenda zake. Mtoto yule hakuwa na kwao kwingine.

Mvua ilipokatika, Panyabuku alifungua mlango.

"Karibu, mwanangu," akaliambia tope lililokuwa kizingitini.