Moto wa Makombo

Siku hizi mtaani kwetu kila jiko huwaka kwa makombo ya nyumba yake. Unalisha pipa maganda na mabaki, nalo pipa linakupa gesi. Asiyebakiza hapiki.

Kwa Mwajabu hakibaki kitu. Hata maganda ya viazi huchemshwa kwa chumvi yakaliwa. Ndiyo maana siku mama mkwe alipokuja kuwatembelea, moto ulizimika kuku akiwa bado mgumu.

"Kuna shida, mwanangu?" mama mkwe aliuliza kutoka sebuleni.

"Hapana, mama. Namalizia."

Mwajabu akachukua bakuli la ugali na maharage alilowawekea watoto kwa ajili ya usiku, akafunua pipa.

"Mama, hicho si chakula chetu?" binti yake, Shani, akanong'ona.

"Ni makombo. Nyamaza, bibi yako atasikia."

Akamimina. Pipa likanguruma, moto wa buluu ukapanda, na aibu ikamchoma usoni kuliko mvuke wa sufuria.

Mama mkwe alikula kwa adabu za siku hizi. Paja la kuku alilidonoa kidogo tu, kisha akainuka na sahani yake mpaka jikoni. Watoto wakamfuata kwa macho.

"Mgeni mwenye heshima hamalizi," alisema akitabasamu, akasukumia nyama yote ndani ya pipa. "Nimewaachia moto wa kesho."

Mwajabu akapiga goti. "Ahsante, mama. Shani, mshukuru bibi."

Shani alikuwa ameinama, akilamba mfuniko wa pipa pale mchuzi ulipodondokea.