Kauli ya Mjumbe Kijana

Wakili alipiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka, na waheshimiwa saba wa kamati wakaacha kutafuna biskuti.

"Sasa wananitazama," alimwambia dada yake kwa mikono. "Twende."

Kamati ilikuwa ikiandika kanuni za haki za watoto. Ilipofika ukurasa wa tisini, mwerevu mmoja alikumbuka kwamba hakuna mtoto aliyeulizwa. Ndipo mwaliko wenye muhuri ukatumwa kwenye bweni la watoto wenye ulemavu: aletwe mjumbe mmoja kijana. Bweni zima likamchagua Wakili, msichana kiziwi wa miaka kumi na sita ambaye hajawahi kushindwa ubishi, hata na ukuta. Suala la mkalimani kamati ililisahau. Barua ilisema tu mjumbe aje na mtu wake wa kumsemea.

Hilo halikumtisha Wakili. Dada yake aliijua lugha ya alama tangu wakiogeshwa beseni moja, na tangu mwezi uliopita alikuwa ameajiriwa kufua mashuka palepale bwenini. Lililomuuma ni zile kurasa nne alizoziandika kwa wiki nzima. Mama bweni, ambaye hukagua mifuko getini, alizisoma, akazikunja, akazitia kifuani. Lakini muhuri ni muhuri, akawaachia waende.

"Sema kama ninavyosema," Wakili aliagiza. "Usitie chumvi wala sukari."

"Mimi mdomo tu," dada akajibu.

Basi Wakili akaanza. Wageni wakija, watoto wasiopendeza machoni huingizwa stoo, na mlango ukatiwa kufuli. Wanaotokwa na udenda, wanaojikojolea, wanaopiga kelele. Kifaranga, wa miaka sita, mwenye pumu, mara ya mwisho alitolewa humo midomo imegeuka buluu. Na Jumamosi wageni wanakuja tena.

Mdomo wa dada ulikwenda polepole. Mama mmoja wa kamati aliinamia leso, mabega yakamtikisika.

Mwenyekiti akauliza jambo.

"Anauliza hukaa humo muda gani," dada akamwonyesha.

"Mpaka gari la mwisho liondoke. Siku ya mahafali ilikuwa saa tisa mfululizo."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa mshangao, akauliza tena.

"Anauliza kama hawachoki."

Wakili alimkazia macho yule mzee. Kumbe mtu anaweza kupewa kiti kikubwa kuliko vyote na bado asipewe akili ya kukalia. "Mwambie wanachoka kulia."

Dada akamgeukia mwenyekiti, akasema. Hapo kamati nzima ikasimama kupiga makofi. Mwenyekiti alizunguka meza, akaushika mkono wa Wakili kwa mikono yake yote miwili kama mtu aliyefika msibani, macho yamemlowa. Wakili akamfikiria Kifaranga. Jumamosi atakaa uani, juani, pamoja na wageni, na udenda wake wote.

Kamati ilikuwa na utaratibu wake: maneno ya kila mjumbe huchapwa papo hapo, naye huyatia sahihi kabla hajatoka. Katibu akaleta karatasi ikiwa bado na joto la mashine. Dada alikuwa ameshatangulia mlangoni, anapekua mkoba wake, na alichokuwa akikitafuta humo hakikuonekana upesi.

Wakili akashika kalamu, akasoma.

"Mjumbe anamshukuru sana mama bweni. Wageni wakija, wadogo huandaliwa chumba chao cha michezo, nao hucheza saa tisa bila kuchoka. Anaiomba kamati mpira mmoja, kwa ajili ya Jumamosi."