Mstari wa Tisa

Fomu ilikuwa na mistari kumi na miwili, na wa tisa ulikuwa mtupu. Karani wa makazi aliugonga kwa kalamu mara mbili.

"Jina na sahihi ya aliyemtoa mgonjwa jengoni," alisoma. "Bila hiyo sitoi ufunguo."

Fundi cherehani, binti wa mgonjwa, aliutazama mstari ule. Jengo lao lilianguka tarehe kumi na nane, saa nne asubuhi, watu wengi wakiwa kazini. Lilipasuka nyufa kwa nusu saa nzima kabla ya kuketi chini, kwa hiyo hakufa mtu. Yeye alikuwa sokoni, kwenye cherehani yake. Alipofika mbio, viatu mkononi, alimkuta mama yake ng'ambo ya barabara, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, vumbi hadi kwenye kope, analalamikia mgongo. Walikuwa wakiishi ghorofa ya tatu, na mama huyo hakuwa ametia mguu chini kwa miaka sita.

"Nani alikubeba, mama?"

"Nilikuwa nimefumba macho."

Miguu ya mama iligoma asubuhi ileile aliyokuwa asafiri kwenda kukaa kwa mwanawe mkubwa na mkewe. Daktari aliibonyeza, akaikunja, akaikunjua, hakuona kasoro, akaandika "uzee". Tangu hapo binti ndiye aliyemhudumia. Alimwogesha, alimgeuza, alimnunulia hata ndala mpya kila baada ya miezi michache, maana zile za kando ya kitanda zilikuwa zikiisha soli. Bidhaa za siku hizi.

Sasa manispaa ilikuwa imebakiwa na nyumba moja tu ya chini, na ilitengewa mgonjwa asiyeweza kutembea. Nyingine zote zilikuwa ghorofa ya tano, katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa bado kwenye ramani. Kaka mkubwa alikwisha kupiga simu. "Mlete kwetu, mke wangu ameshatandika kitanda." Mama aliposikia hivyo aligeukia ukutani, hakugusa chakula siku mbili. Binti naye alijifungia chooni akalia. Mama yake alikuwa mtu wa kunung'unika kutwa kucha, na binti hakujua angeishije bila manung'uniko hayo.

Waokoaji hawakukosekana, hasa ilipovuma kwamba mwokoaji naye angefikiriwa kwenye ugawaji. Kinyozi alisema alimbeba mama mgongoni. Muuza mkaa alisema alimbeba mikononi kama mtoto mchanga. Mama, ambaye alikuwa na mwili wake, kilo tisini na ushee, aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Huyu hata wembe unamlemea," alisema. "Na yule angenidondosha ngazi ya kwanza."

Karani akafunga faili. "Kesho saa sita ndiyo mwisho. Baada ya hapo nyumba naipeleka kwa mwingine."

Usiku kucha mama hakupata usingizi. Asubuhi, kwa shingo upande, akamwambia binti yake: "Kamwite Winchi."

Winchi alikuwa mpagazi wa sokoni, jirani yao wa mlango wa pili, ambaye binti hakuwa amemwona tangu mwanzo wa mwezi ule. Alikuwa mwembamba wa kuchukuliwa na upepo, lakini gunia alilijua. Binti alimkuta kwenye darasa la shule walimohifadhiwa wanaume waliokosa makao, mguu mmoja umefungwa plasta kuanzia gotini hadi kwenye vidole.

"Mama anasema wewe ndiye uliyemtoa."

"Amesema yeye mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi kama amesema yeye, mimi ni nani nikatae?"

Habari zilifika ofisini kabla ya magongo yake. Watu kwenye foleni wakasimama kumpisha. Kijiti kama kile kumbeba mama yule, mpaka mguu ukavunjika! Pilipili ni ndogo, walisema, lakini muulize aliyeila. Muuza mkaa akampa mkono, kisha akatafuta pa kuuficha uso wake.

Mama alikuwa ameletwa kwa mkokoteni. Winchi alishika kalamu kama mtu aliyeshika kaa la moto, jasho likimtoka.

"Bwana karani, kusema kweli, siku ile mimi na mama..."

"Tia sahihi, mwanangu," mama alidakia. "Usimpotezee bwana muda. Na mimi mgongo unaniuma."

Akatia. Karani akakagua mstari wa tisa, akaupuliza wino ukauke, akatoa ufunguo.

Jioni hiyo nyumba mpya ilinuka rangi. Mama alikwisha kulazwa chumba cha ndani na alikuwa akikoroma kwa raha zote. Binti alimkaribisha Winchi kwenye kiti pekee kilichokuwamo, akamtilia chai, sukari vijiko vinne.

"Kaka yangu, sijui nikushukuru vipi. Umenirudishia mama."

Winchi alikitazama kikombe, hakunywa.

Binti akapiga magoti kumwekea mto chini ya mguu. Ndipo akaona, pembeni mwa plasta, maandishi ya kalamu ya bluu. Mhudumu wa hospitali alikuwa ameandika siku ya kuifunga. Ilikuwa tarehe nne ya mwezi uleule, wiki mbili kabla jengo halijaanguka.

Akaisoma mara ya pili. Akainua macho.

"Ngazi sitini na mbili, dada," Winchi alisema kwa sauti ya chini, asije akamwamsha aliyelala. "Mama yako alinitua mara moja tu."