Sare ya Harusi

Tangu asubuhi Bi Mashavu hakukaa kitako. Habari zilikuwa zimefika kwamba ndege za serikali zinakuja kuwapiga waasi walioushika mji, na mmoja wa marubani wake ni Shahame, mwanawe wa pekee. Akapanda ngazi, akatandaza juu ya bati kanga nyekundu ya harusi ya Shahame, akaikandamiza kwa mawe. Mtoto akiiona ataijua nyumba yao.

Akageuka kushuka. Bati la jirani lilikuwa na kanga ile ile. La pili yake pia, na mtaa mzima hadi msikitini. Alikuwa amesahau kwamba kanga ile ndiyo iliyokuwa sare, na kila mwanamke aliyecheza harusini aliinunua.

"Bi Tatu, toa kanga yako," alisema. "Mwanangu hataijua nyumba."

Jirani yake hakuacha kupanga mawe. "Siitoi, shoga. Hata mimi nina watoto ndani."

Mwanakheri, mke wa Shahame, alikuwa chini ameshikilia ngazi, tumbo limemtangulia. "Shuka, mama. Zinakuja."

Mngurumo ulisikika upande wa mlimani. Bi Mashavu akautazama mtaa wote ulivyokuwa mwekundu. Kisha akaanza kuyasukuma mawe, akaivuta kanga yake na kuikumbatia. Katika mtaa mzima likabaki bati moja tupu, linang'aa juani, na yeye amesimama katikati yake, kichwa wazi, uso ameuelekeza juu.