Joto la Soya

Kule milimani Makete, joto lilikuwa la soya. Tangu siku ya kupanda hadi maganda yakauke, maji moto ya mabomba ya kijiji yalipitishwa chini ya mashamba tu, na majumbani hapakuwashwa moto ila wa kupikia. Watoto wadogo, ambao wasingeihimili baridi hiyo, walipelekwa bondeni kulelewa mpaka mavuno.

Otilia alikuwa na mtoto mmoja tu, Sekela, wa miaka sita. Kila asubuhi aliingia shambani, akachuma ganda moja, akalitikisa sikioni. Likiwa kimya, alirudi ndani akalikunja upya blanketi la mwanawe, ambalo hakuna aliyekuwa amelikunjua.

"Utayamaliza hayo maganda kabla hayajakomaa, mwenzangu," jirani yake, Mama Ndelwa, alimwambia.

"Acha yaishe."

Hatimaye ganda likalia, punje zikichezacheza ndani. Siku ya tatu yake gari likawaleta watoto.

Jioni ile mabomba ya nyumbani yalinguruma, chumba kikapata joto. Otilia alipika makande, akamfunika Sekela blanketi, akawa anamtazama tu asiishe hamu. Mtoto alikula kidogo, kisha akalisogelea kapu la soya, akaanza kutenga punje kubwa kubwa.

"Unafanya nini, mama?" Otilia akamuuliza kwa upole.

"Nachagua mbegu." Sekela hakuinua macho. "Tukipanda kesho, gari litakuja lini kunirudisha bondeni?"