Eda ya Daktari

Daktari Nasra alikuwa ameshavaa viatu, begi liko begani. Siku za eda yake zilikuwa zimekwisha. Sheria ya siku hizi ndiyo hiyo: daktari akiua mgonjwa kwa uzembe, anakaa eda nyumbani kwa marehemu pamoja na mjane. Hatoki, hatibu mtu, mpaka siku ziishe na mjane atamke radhi. Na Nasra ndiye aliyemchoma mume wa Bi Hadia sindano ya mgonjwa mwingine.

Karani wa hospitali alisimama mlangoni. "Haya, Bi Hadia, tamka basi twende zetu. Wodi ya wazazi haina daktari."

Bi Hadia alimtazama Nasra. Mwanzoni hakutaka hata kuuona uso wake. Baadaye wakawa wanachambua mchele pamoja, wakitaniana, na nyumba ikapata sauti ya pili.

"Wali wako bado bokoboko," alimwambia.

"Nitakuja kujifunza, mama. Kila Ijumaa."

"Hata wanangu waliondoka na maneno hayohayo."

Radhi alikuwa nayo moyoni kitambo. Ilimjia mpaka ulimini, akaimeza.

"Sijaridhika," akamwambia karani.

Nasra akavua viatu, akaingia ndani.

Eda ikaanza upya. Wodi ikafungwa, wajawazito wakawa wanapelekwa wilaya ya pili, na si wote waliofika. Karani alihamishwa. Wana wa Bi Hadia, waliposikia mama ana mtu wa kukaa naye, wakaacha kupiga simu. Nasra yupo. Anapika, anafua, akiitwa anaitika, ila hacheki tena.